Sura ya Sita: Venice na Ratiba ya Maji

Watu wanaojiandaa kwenda Venice huniuliza kwanza kama watakapofika mji utakuwa bado upo. Kisha huuliza bei ya gondola. Ni nadra kusikia mtu akiuliza alale wapi, ilhali hilo ndilo linaloamua kama siku zake tatu zitakuwa za raha au za kusukumana.

Nilikusudia sura hii iwe na sehemu tatu zinazolingana: malazi, matembezi, chakula. Malazi hayana maneno mengi. Lala kisiwani. Mestre, upande wa bara, vyumba ni nafuu na treni huvuka daraja kwa dakika kama kumi, lakini anayelala huko huingia mjini asubuhi na umati na kutoka nao jioni. Wakazi wa mji wa kale sasa hawafiki 50,000. Wageni wa kutwa wakishaondoka, vichochoro vya mitaa ya Cannaregio na Castello hurudi mikononi mwa wenyewe, na hapo ndipo Venice inapoanza. Tangu Aprili 2024 wageni hao wa kutwa hutozwa kiingilio katika siku zilizotangazwa, kuanzia euro 5. Anayelala hotelini ndani ya manispaa hatozwi, ila hulipa kodi ya malazi. Jambo lingine ni mizigo. Madaraja yapo zaidi ya 400, mengi ni ya ngazi, na sanduku la kilo ishirini halina magurudumu linapofika kwenye ngazi. Chagua chumba kilicho karibu na kituo cha boti.

Kwenye matembezi, gondola tuiweke mahali pake: ni burudani, si usafiri. Bei rasmi ya mchana ni euro 90 kwa nusu saa, na usiku ni 110. Hiyo ni bei ya chombo kizima, si ya kichwa, na anayekudai zaidi muulize kwa nini. Ukitaka tu kuonja gondola, nenda Santa Sofia upande traghetto, uvushwe Mfereji Mkuu kwa euro 2 hadi soko la Rialto. Kwa safari ndefu panda boti namba 1. Inakwenda polepole, inasimama kila mahali, na majumba yote ya mfereji ule hupita mbele yako. Tiketi ya mara moja ni ghali, kwa hiyo nunua ya siku nzima au ya siku tatu.

Halafu kuna hili la kubusiana ndani ya gondola chini ya Ponte dei Sospiri wakati jua linatua ili penzi lidumu milele. Imani hiyo haina ukale wowote wa kujivunia. Iliyoieneza duniani ni filamu ya 1979, A Little Romance. Daraja lenyewe lilijengwa kuwavusha watuhumiwa kutoka mahakama ya Jumba la Doge kwenda jela. Njia ya mahabusu ikageuka mahali pa kuombea ndoa, na watu wanapanga foleni!

Sasa lile swali la kwanza, la mji kuzama. Mji ulishuka, ni kweli, hasa katikati ya karne ya 20, viwanda vya Porto Marghera vilipokuwa vikifyonza maji ya chini ya ardhi. Ufyonzaji huo ulisitishwa miaka ya 1970 na kasi ya kushuka ikapungua sana. Kinacholowesha viatu vya wageni ni acqua alta, maji kujaa kupita kimo chake, na kwa kawaida hujaa na kupwa ndani ya saa chache. Haikai wiki nzima kama picha za mitandaoni zinavyodokeza.

Picha hizo huja na tarakimu, na tarakimu husomwa vibaya. Ikitangazwa kwamba maji yamefika sentimita 110, msomaji aliye Dodoma anawaona watu wamezama hadi kiunoni. Lakini hesabu haianzii barabarani. Inaanzia kwenye wastani wa usawa wa bahari uliowekwa mwaka 1897, unaopimwa Punta della Salute. Uwanja wa San Marco, mojawapo ya sehemu za chini kabisa, uko karibu sentimita 80 juu ya alama hiyo. Kwa hiyo maji ya 110 hapo uwanjani hayafiki gotini, na sehemu kubwa ya mji hubaki kavu.

Msomaji wa pwani naye hukosea kwa namna yake. Amekua akihesabu bamvua na maji mafu, basi anadhani atatazama mwezi na kumaliza kazi. Unguja au Mombasa mwezi unatosha, kwa sababu wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Venice tofauti hiyo ni kama mita moja tu, na mwezi ukiwa na nguvu ndogo namna hiyo, hali ya hewa hupata sauti. Bahari ya Adriatic ni ndefu, nyembamba, na imefungwa upande wa kaskazini, ulipo mji. Upepo wa sirocco ukivuma kutoka kusini-mashariki, maji husukumwa yakajikusanya kwenye kona hiyo. Mgandamizo wa hewa ukishuka milibari moja, maji hupanda sentimita moja hivi. Na upepo ukikoma mambo hayajaisha: bahari nzima huyumba kama maji ya karai lililotikiswa, kila mzunguko ukichukua karibu saa 22. Ndiyo maana maji huweza kurudi kesho yake wakati anga imeshatulia.

Tazama mafuriko makubwa mawili. Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalifika sentimita 194, na rekodi hiyo haijavunjwa. Mwezi ulikuwa umepungua hadi nusu, yaani ilikuwa zamu ya maji mafu! Sirocco iliyazuia maji ndani ya laguna, yale maji ya ndani yanayouzunguka mji. Yalipopaswa kupwa hayakupwa, na ya kujaa yakaja juu ya yale yaliyobaki. Tarehe 12 Novemba 2019 yalifika 187, mwezi ukiwa mpevu, na dhoruba ndogo yenye kasi ikapita juu ya laguna karibu na saa ya kujaa. Nahodha mzee wa Lamu angeitabiri hii ya pili nusu nusu, na ile ya kwanza angeapa haiwezekani.

Tangu Oktoba 2020 kuna MOSE, malango 78 ya chuma yanayolala chini ya maji kwenye mapito matatu ya laguna: Lido, Malamocco na Chioggia. Yakijazwa hewa huinuka na kuizuia bahari, kwa kawaida utabiri unapofika 110. Kati ya 80 na 110 San Marco bado inaweza kulowa, ingawa kanisa lililo uwanjani hapo sasa limezungushiwa ukuta wa vioo. Ukienda kati ya Oktoba na Januari, soma utabiri wa manispaa kabla ya kupanga siku, San Marco uipe saa za kupwa, na ukumbuke kwamba maji yakipanda baadhi ya boti hubadili njia kwa kuwa hazipiti chini ya madaraja. Ile harufu inayolalamikiwa hutoka zaidi kwenye tope la mifereji midogo maji yanapopwa mno. Kujaa na kupwa huko ndiko kunakoisafisha mifereji.

Maji yamekula nafasi ya chakula, basi kwa ufupi. Mchana kula kwenye bacaro, baa ndogo ya mvinyo na vitafunio viitwavyo cicchetti, ukiwa umesimama, kwa kuwa kukaa mara nyingi huongeza bei. Anza na baccalà mantecato, samaki mkavu wa Norway aliyepondwa na mafuta ya zeituni, kisha sarde in saor, dagaa wakubwa wenye vitunguu na siki. Nyama ya nguruwe hukaa kabati moja na samaki, kwa hiyo asiyeila aulize. Mvinyo si lazima. Jioni majiko mengi hayafunguliwi kabla ya saa moja. Kwenye orodha ya vyakula, bei ya samaki ikiandikwa all'etto ni ya gramu 100, na samaki mzima huweza kuwa na gramu 600 au zaidi. Mwambie mhudumu ampime mbele yako kabla hajapelekwa jikoni. Soko la samaki la Rialto hufungwa Jumapili na Jumatatu, kwa hiyo kama siku zako tatu zinaangukia hapo, anza safari Jumanne.