Tuliyojifunza kwa jirani zetu

Sisi tulioanza kuingia Nyarugusu kutoka Kongo mwaka 1996 tunaijua likelemba: kila mtu anatoa, mmoja anachukua, zamu inazunguka. Watanzania wanaita upatu. Lakini jirani zetu wa vijijini wana kitu kingine, kufa na kuzikana. Hapo hakuna zamu, kuna daftari tu. Msiba ukitokea, kila nyumba inaleta unga, maharage au kuni, na akina mama wanashika jiko mpaka matanga yaishe. Asiye na hela anachota maji au anachimba kaburi, naye anaandikwa kwamba ametoa.

Hilo la mwisho ndilo lilitugusa. Kwenye likelemba yetu tulimtoa mama mmoja mjane kwa kukosa mchango miezi miwili. Mtoto wake alipofariki, tukaenda kulia naye mikono mitupu. Aibu ile bado tunayo, tuseme ukweli.

Basi tumenunua daftari. Nyumba 14 zimejiandikisha. Kila siku ya mgao, nyumba inatia kikombe kimoja cha unga kwenye ndoo yenye mfuniko. Mama yule tulimfuata wenyewe kumwomba radhi. Siku hiyo hakujibu kitu. Mgao uliopita alikuja na kikombe chake.