Dawa ya kusukutua na harufu mbaya ya kinywa: inasaidia nini kwa mwenye ugonjwa wa fizi?

Ukiwa na ugonjwa wa fizi, dawa ya kusukutua inaweza kupunguza harufu mbaya ya kinywa. Lakini haiponyi fizi. Ni muhimu kulijua hilo, kwa sababu mtu anaweza kusukutua kwa miezi mingi na harufu ikapungua, huku mfupa unaoshikilia meno yake ukiendelea kulika polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote.

Harufu inatoka wapi?

Bakteria wa kinywani huishi kwenye ukoga, yaani utando laini unaojijenga juu ya meno, na pia juu ya ulimi. Wanapovunjavunja mabaki ya chakula, damu na seli zilizokufa, hutoa gesi zenye salfa, ambazo hunuka kama yai viza.

Ukoga usipoondolewa, fizi huvimba, huwa nyekundu na kutoa damu unapopiga mswaki. Hatua hii bado inaweza kurudi nyuma kabisa kwa usafi mzuri. Ikiachwa, fizi huweza kuachana na jino, na katikati hutokea kijifuko. Humo mswaki haufiki, hewa ni haba, na bakteria wanaotoa harufu hustawi. Mfupa ukishalika katika hatua hii, kwa kawaida haurudi wenyewe, ndiyo maana meno huanza kucheza na hatimaye kung'oka.

Dawa inafanya nini, na inaishia wapi?

Dawa nyingi za madukani huficha harufu kwa muda mfupi tu. Zenye zinki huzidhibiti zile gesi za salfa. Zenye klorheksidini hupunguza bakteria na ukoga mpya, na ndizo ambazo madaktari wa meno huziagiza mara nyingi kwa wagonjwa wa fizi.

Hata hivyo, dawa unayosukutua haiingii vizuri ndani ya vile vijifuko. Pia haiwezi kuondoa ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe. Huo unahitaji kukwanguliwa na mtaalamu wa meno kwa vifaa vyake, juu na chini ya fizi.

Jinsi ya kuitumia

• Fuata maelekezo ya kwenye chupa au ya daktari. Klorheksidini ya asilimia 0.2 kwa kawaida hutumika mililita 10 (vijiko viwili vya chai), asubuhi na jioni, kwa dakika 1. Kisha iteme, usimeze.
• Usiitumie mara tu baada ya kupiga mswaki, kwani baadhi ya viambato vya dawa ya meno huipunguzia nguvu. Suuza kinywa vizuri kwa maji, kisha subiri kama dakika 30.
• Itumie kwa wiki chache tu, isipokuwa daktari amekuambia vinginevyo. Ikitumika muda mrefu hutia madoa ya kahawia kwenye meno na ulimi, na inaweza kubadilisha ladha ya chakula. Chai na kahawa huzidisha madoa hayo.
• Kama kinywa chako hukauka au kina vidonda, chagua isiyo na alkoholi.
• Usimpe mtoto wa chini ya miaka 6 dawa ya kusukutua, kwa sababu anaweza kuimeza.
• Ukipata vipele, uvimbe wa uso au shida ya kupumua, acha kuitumia na wahi hospitali mara moja.

Huna uwezo wa kuinunua? Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu huweza kutuliza fizi kwa siku chache. Usisukutue kamwe kwa dawa ya kusafishia vidonda au sakafu.

Kinachotibu hasa

Piga mswaki mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili, ukitumia dawa ya meno yenye floridi. Gusa pale fizi inapokutana na jino. Mswaki wa mti nao husafisha, mradi uwe laini na ufike meno yote, hata ya nyuma. Safisha katikati ya meno kwa uzi maalumu au kijiburashi chembamba, na usisahau ulimi.

Fizi zikitoa damu, usiache kupiga mswaki. Wengi huacha kwa hofu, ukoga ukaongezeka na damu ikazidi. Tumia mswaki laini na uendelee kila siku. Kama uvimbe ni wa hatua ya mwanzo, damu huanza kupungua ndani ya wiki moja au mbili.

Ukivuta sigara, jua kwamba tumbaku huharibu fizi na pia hupunguza kutoka damu, hivyo ugonjwa hujificha. Ukiwa na kisukari, kudhibiti sukari huzisaidia fizi, na kutibu fizi husaidia kudhibiti sukari.

Usikae na harufu

Mwone daktari wa meno ikiwa harufu au damu haijaisha baada ya wiki mbili za usafi mzuri, meno yanacheza, fizi zimeshuka au zinatoa usaha. Usione haya: harufu hii ni dalili ya ugonjwa, na wahudumu huiona kila siku.

Kwa mtoto mdogo, hasa mwenye utapiamlo au aliyetoka kuugua surua, fizi zenye vidonda na harufu kali zinaweza kuwa mwanzo wa noma, ugonjwa unaokula nyama ya uso kwa kasi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Ukiwahiwa mapema hutibika. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kumsukutulisha nyumbani.