Mhandisi wa Nini?

Asubuhi ufukweni Baraka, kwenye Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, kabla boti hazijang'oa nanga kwenda vijiji vya rasi ya Ubwari, fundi hufunua kifuniko cha injini, huchomoa plagi, huisugua masizi kwa brashi, kisha huweka mdomo kwenye tundu la kabureta na kupuliza. Huvuta kamba mara moja, mara mbili. Ya tatu injini inaitika. Kijana anayemshikia spana ana diplomu ya Serikali ya sehemu ya sayansi, na nyumbani neno limeshapita: atasomea uhandisi. Uhandisi gani? Hapo mazungumzo huishia.

Kwa wazazi wengi, mhandisi ni mhandisi, basi. Lakini kijana akifika chuoni kujiandikisha, neno hilo moja hugawanyika: ujenzi, umeme, mitambo, migodi, metali, kemia ya viwandani, kompyuta. Kongo pana na mtego wa jina. Cheo cha "ingénieur civil", kilichorithiwa kwa Wabelgiji, si lazima kiwe cha mjenga madaraja. Ni cha mhandisi wa chuo kikuu wa tawi lolote. Yupo wa migodi, yupo wa umeme. Ukivuka ziwa kwenda Tanzania, mhandisi wa sivili ni mtu wa barabara, madaraja, majengo na maji. Familia nyingi za Fizi, eneo lenye mji wa Baraka, zina ndugu Kigoma, wengine katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, kwa hiyo kijana anaweza kupewa ushauri wa pande mbili kwa jina moja lenye maana mbili. Asome orodha ya masomo, asiamini jina la mlangoni.

Tawi linalozungumzwa zaidi ni migodi, na sababu iko wazi. Fizi yenyewe ina dhahabu, Misisi inajulikana mbali, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimekaa juu ya shaba na kobalti ya Katanga, kikifundisha migodi na metali kwa vizazi. Tatizo ni kudhani kwamba mhandisi wa migodi ni mtu wa kutajirika kwa dhahabu. Kazi yake ni kupima mwamba ili shimo lisiwaangukie watu, kutoa maji na kuingiza hewa chini ya ardhi, na kukamata dhahabu bila kumwaga zebaki mtoni. Machimbo ya wachimbaji wadogo yanamhitaji sana mtu huyo, ila mara nyingi hayana mshahara wa kumlipa. Aliye tayari kwa kazi hiyo aende kwa moyo mmoja. Anayefuata harufu ya fedha tu atachoka mapema.

Mitambo nayo ina hadithi yake humu humu ziwani. Meli inayoitwa leo Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuungwa upya. Mwaka 1915 ikaingia majini. Mwaka uliofuata, Wajerumani wakirudi nyuma vitani, waliamua kuizamisha wenyewe. Kabla ya kufanya hivyo mainjinia waliipaka mitambo grisi nzito, kila mahali. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na baada ya miaka chini ya maji injini zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 meli ilirudi kazini. Mainjinia hao walijua chuma na kutu kwa undani, na ujuzi wao ukaishi kuliko vita yao.

Ziwa hilo hilo lina upande wa msiba. Desemba 2014 meli Mutambala, yenye jina la mto ulio jirani na Baraka, ilipinduka, watu zaidi ya 120 wakafa. Mzigo ukae wapi, abiria wangapi, upepo wa nguvu gani: hiyo ni hesabu ya uhandisi wa meli, na ni vigumu kuelewa kwa nini mwambao unaoishi kwa boti una vijana wachache mno wanaoisomea.

Lakini kama kuna tawi ambalo Fizi inalililia, ni maji na ujenzi. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba na madaraja. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda, likaingia majumbani Uvira, Baraka na Bujumbura. Mito mingi huingia Tanganyika, ila mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga kule Kalemie. Mchanga na majani vikiuziba, maji husubiri kwenye sebule za watu. Mhandisi wa maji hupima kina, hukadiria mvua, huamua daraja liwe na urefu gani na nyumba isogee wapi.

Umeme usisahauliwe. Bwawa la Ruzizi la kwanza lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini Ubwari watu bado hutegemea sola na jenereta. Anayejua kupanga paneli, betri na nyaya za kijiji kizima hatakosa pa kuanzia.

Lililobaki ni njia. Goma na Bukavu zina vyuo vinavyofundisha baadhi ya matawi haya, ila tangu miji hiyo itwaliwe na waasi wa M23, Januari na Februari 2025, safari ya kaskazini ni jambo jingine. Wapo wanaoelekea kusini. Boti huondoka Baraka, huzunguka ncha ya Ubwari, hushuka na mwambao mpaka Kalemie, na kutoka hapo barabara ndefu ya Lubumbashi huanza. Kijana mwenye spana, kama atapita huko, atakuwa na siku moja au mbili za kusubiri gari, na Lukuga ipo karibu na mji, ikiondoka na maji ya ziwa la kwao kuelekea mto Kongo.