Mafuta Yaliyopikwa Bila Moto

Paukwa! Itikieni, wajukuu: Pakawa!

Hapo zamani za kale, kabla milima yetu ya Nyambene haijatapika lava, kulikuwa na ziwa kubwa kule Lokichar, Turkana. Ni zaidi ya miaka milioni 15 iliyopita. Mwani ukastawi humo, ukafa, ukazama. Bakteria nao wakaishi na kufa. Tope likawafunika, likaja jingine juu yake, hata likageuka mwamba uliozikwa chini sana.

Sasa, kadiri unavyoshuka ardhini ndivyo joto linavyopanda. Mara nyingi ni nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita. Mwamba wenye mabaki kama hayo ukifika nyuzi 60 na ushei huanza kutoa mafuta. Ukipita 150 hivi, mafuta huvunjika yakawa gesi. Hapana sufuria wala kuni, ila joto na mamilioni ya miaka.

Mwaka 2012 kisima cha Ngamia 1 kikayafikia mafuta ya Lokichar. Yana nta nyingi, yakipoa huganda. Ndiyo maana malori yalipoanza kuyapeleka Mombasa mwaka 2018, yalibeba matangi yanayohifadhi joto.

“Babu, mtu atajuaje yamepikwa kiasi gani, naye hakuwepo?”

Umeuliza la maana. Mafuta yenyewe yana ushahidi. Katika miaka ya 1930 mkemia Mjerumani Alfred Treibs alikuta ndani ya mafuta ghafi masalia ya klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Tangu hapo wataalamu wanatafuta humo alama za viumbe wa kale.

Alama moja ni hopani, molekuli inayotokana na ngozi ya bakteria. Nyoosheni viganja. Vidole ni vitano huku na vitano kule, lakini glavu ya kulia haikai vizuri kushoto. Hopani nayo ina sehemu inayoweza kuelekea kulia au kushoto. Bakteria huiunda ya kulia tu. Joto likizidi, nyingine hugeuka kushoto, mpaka katika kila 100 kushoto ziwe kama 60 na kulia 40. Hapo uwiano husimama.

Alama ya pili mnaiona shambani. Mwagieni maji jani la mgomba: yanateleza, kwa sababu ya nta. Katika nta ya majani, molekuli zenye kaboni za idadi witiri, kama 27, 29 na 31, huwa nyingi kuliko za shufwa. Zikipikwa sana, tofauti hiyo hufifia.

Maabara hupitisha tone dogo la mafuta, likiwa mvuke, kwenye mrija wa makumi ya mita wenye tundu lisilofika milimita moja. Molekuli hutoka kwa zamu, mashine inazipima uzito, na kwenye karatasi hujitokeza vilele vya mchoro. Mtaalamu hulinganisha kilele na kilele.

Kuna faida gani? Kuchimba kisima hula fedha nyingi mno. Huko Isiolo, kisima cha Bogal kilishuka zaidi ya mita 5,000, na mwaka 2010 kikaonekana kina gesi isiyotosha kuuzwa. Ukijua mwamba umeiva kiasi gani, unajua utafute mafuta au gesi, na utafute wapi.

Haya, kitendawili. Nina chupa mbili za mafuta. Katika ya kwanza, hopani za kushoto ni 30 kwa 100. Katika ya pili ni 60. Ipi imepikwa zaidi?

“Ya pili!”

Vema. Na je, imepikwa zaidi kwa kiasi gani? Hopani haziwezi kutuambia, kwa sababu hufika 60 mapema, mafuta yakiwa bado yanaanza kutengenezwa, kisha hazisogei tena hata joto lizidi. Kwa hiyo mtaalamu makini humwita shahidi wa pili, na wa tatu, kabla hajamwambia mtu achimbe.