Upepo Ukiezua Paa la Karakana, Nani Alipe?



Mvua za Juba huanza mwezi wa Machi au Aprili, na zile za mwanzo hazina adabu. Katika mtaa wa Atlabara, kama ilivyo mitaa mingine ya mji huo, watu wengi hulala na kufanya kazi chini ya bati: karakana za kuchomelea vyuma, maduka, gereji, na kando yake rakuba za miti na mikeka wanamouzia chai akina mama. Dhoruba ya dakika kumi inatosha kulaza rakuba na kutupa mabati barabarani. Kesho yake kibarua hana pa kufanyia kazi, wala hana siku ya kulipwa.

Watu husema ni kimbunga. Mara nyingi sicho. Kimbunga huzunguka na kutawanya vitu huku na huku. Lakini ukikuta mabati, miti na nguzo vyote vimelala kuelekea upande mmoja, ujue ni upepo ulionyooka, uliotoka katika wingu la radi. Mvua ikianza kuanguka ndani ya wingu, sehemu ya maji hukauka njiani na kuipoza hewa. Hewa baridi ni nzito, hivyo hushuka kwa nguvu, na ikigonga ardhi husambaa mbele kwa kasi ikiswaga vumbi. Kule Khartoum ukuta huo wa vumbi huitwa habub. Mchana wa joto kali ukihisi baridi ya ghafla usoni, una dakika chache tu. Aliye juu ya ngazi ashuke, bila kungoja ruhusa ya mnyapara.

Sasa tuje kwenye bati. Upepo wa kilomita 100 kwa saa una nguvu ya karibu kilo 47 kwa kila mita mraba. Ukipita juu ya paa huivuta pembe ya bati kwenda juu. Bati la mita 3 lenyewe halifiki kilo 10, lakini nguvu inayolinyanyua inakaribia uzito wa gunia la kilo 100. Kinacholizuia ni misumari, papi, na namna kenchi zilivyofungwa ukutani. Tajiri aliyeezeka kwa msumari mmoja mahali pa mitatu amebana senti zake, na atakayeangukiwa na paa ni mfanyakazi.

Halafu tajiri huyo huyo husema, "Hii ni kazi ya Mungu." Upepo, ndiyo. Misumari aliinunua nani? Sheria ya Kazi ya Sudan Kusini ya mwaka 2017 inamdai mwajiri mahali pa kazi palipo salama, na paa ni sehemu ya mahali pa kazi.

Radi nayo haina mchezo. Tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, kaskazini mwa Uganda, watu walikuwa wamekusanyika kwa ibada ndani ya banda la mabati. Radi ilipiga, watu 14 wakafa na 34 wakajeruhiwa. Wakazi wengi wa kambi hiyo ni watu waliotoka Sudan Kusini. Banda la bati lisilo na waya wa kupeleka radi ardhini halifai kuwa kimbilio. Ngurumo ikisikika, kazi ya juu ya paa na ya uwanja wazi isimame, na isianze tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Wenzetu wa mashamba ya chai huko Kericho, Kenya, wanayajua haya kwa njia yao, maana mawingu ya namna hiyo huwaletea mvua ya mawe. Katika miaka ya 1960 zilirushwa roketi mawinguni ili kuikinga chai. Gharama hiyo ilikuwa ya kuokoa jani. Mchumaji anayelipwa kwa kilo, jani likipukutika, mshahara wake hupukutika nalo.

Basi matawi yadai mambo haya kabla ya mvua: paa likaguliwe mwezi wa Februari, na siku iliyovunjwa na dhoruba ilipwe. Na paa likishaezuliwa, katibu wa tawi aandike tarehe, saa na majina ya waliokuwa zamu, kisha ahesabu misumari iliyobaki kwenye papi kabla tajiri hajaleta fundi wa kuezeka upya.