Mutoto wa inje na watu wa pori

Wasomaji wetu wa kampi na wa sité, leo tunaweka pembeni bei ya shaba na kobalti. Tunataka kuwasimulia kitabu. Ni kidogo, mutu anaweza kukimaliza siku mbili kama courant iko. Sisi tulikisoma kwa zamu, kisha tukakaa kukizungumuza na watu tunaojuana nao, na mpaka leo hatujamaliza kubishana.

Kitabu kinaitwa La Bastarda. Ni neno la Kihispania, na maana yake njo lile tusi ambalo watu wanatupiana kwenye robinet wakati wanagombana: mutoto wa inje. Mwenye kukiandika ni Trifonia Melibea Obono, mwanamuke wa Guinée équatoriale, aliyezaliwa mwaka wa 1982. Ile inchi wengi wetu tunaijua tu kwa mupira na petroli. Iko pembeni ya Gabon na Cameroun. Ilitawaliwa na Hispania mpaka tarehe 12 Oktoba 1968, njo maana serikali na shule za kule zinasema Kihispania, sawa vile zetu zinasema Kifaransa. Lakini watu wengi ndani ya nyumba wanasema Kifang, na Wafang ni Bantu kama shiye. Ukisoma mambo yao ya mahari, ya baraza ya wazee, ya bibi wa kwanza na bibi wa pili, unaona ni kama mutu anasimulia mambo ya mugini wa babu yako.

Kitabu kilitoka mwaka wa 2016. Mwaka wa 2018 kikatafsiriwa katika Kingereza, na kikawa romani ya kwanza ya mwanamuke wa inchi ile kuingia katika luga hiyo.

Sasa hadisi yenyewe. Okomo ni binti wa miaka 16. Mama yake alikufa wakati wa kumuzaa. Baba yake hakulipa mahari, kwa hiyo kwa desturi ya kwao Okomo hana baba. Baba iko, anapumua, anakula, lakini hahesabiwi. Anayemulea ni kambo yake mwanamuke, jina lake Adà. Kambo huyu ni bibi wa kwanza wa muzee Osá, lakini muzee amekwisha kuoa mwengine, kijana zaidi, na moyo wake uko kule. Adà anaumia, na mtu angefikiri kwamba mwenye kuumizwa na desturi atamuhurumia mwengine. Hapana. Yeye njo mulinzi mukali kupita wote. Anataka Okomo ajifunze kuwa mwanamuke wa kuolewa vizuri, na anamukataza mambo mawili: kutafuta baba yake, na kuzungumuza na mujomba wake Marcelo.

Hapa tusimame kidogo, juu mambo ya baba asiyehesabiwa tunayajua huku kwetu vizuri sana. Tangu karibu ya mwaka wa 1928, Union Minière ilianza kutaka mufanyakazi akae kampini pamoja na bibi na watoto. Mutoto aliyeandikwa kwa jina ya papa yake alikuwa na posho, alikuwa na shule, alikuwa na munganga. Yule ambaye hakuandikwa alibakia kuangalia wengine wanapita na sahani. Mwalimu Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alitoa mwaka wa 2001 kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, na katika kichwa chake aliwaita Bana Shaba watoto walioachwa na baba yao. Kisha mwaka wa 2003 ukafika, zaidi ya wafanyakazi 10.000 wakatoka Gécamines kwa ile waliyoita départs volontaires, na papa wengi ambao walikuwa wanahesabiwa wakabakia bila kuhesabiwa. Kwa hiyo, mutoto anayeuliza “papa yangu iko wapi?” haiko mugeni kwetu.

Turudie kwa Okomo. Kwa nini anakatazwa kuzungumuza na mujomba? Sababu Marcelo ni mwanaume asiyependa wanawake kwa namna mugini unataka. Kwa Kifang kuko jina ya mwanaume kama yeye: fam e mina, ni kusema mwanaume-mwanamuke. Ndugu ya Marcelo hawezi kuzaa. Wakubwa wa jamaa wanataka Marcelo alale na bibi ya ndugu yake, ili mutoto apatikane na aibu ifunikwe. Marcelo anakataa. Kwa sisi wasomaji, kukataa kulala na bibi ya ndugu yako kungeonekana kuwa adabu. Kwa mugini ule ni kosa kubwa, juu anakatalia jamaa mutoto. Njo namna anabakia kuishi mbali, upande wa pori.

Okomo anajua kwamba mujomba njo mutu mumoja tu anayeweza kumwonyesha njia ya kufika kwa baba yake. Anaanza kumufuata kwa kujificha. Njiani anakutana na wasichana watatu, Dina, Linda na Pilar, ambao watu wanawasema vibaya. Wanaenda pamoja kuokota kuni na kutafuta chakula, na kule pori, mbali na macho ya wakubwa, wanapendana. Okomo anaingia kati yao. Kidogo kidogo anaona kwamba anamupenda Dina, ule anayewaongoza. Hakutafuta ile mambo. Alitoka nyumbani kutafuta baba.

Kuko pahali moja ambapo sisi wote tulisimama. Okomo anataka kujua: kama mwanaume wa namna ya mujomba iko na jina, basi mwanamuke anayependa mwanamuke mwenzake anaitwa nani? Jibu ni kwamba hakuna jina. Ni kama vile haiko duniani. Mwenye jina wanaweza kumutukana, lakini asiye na jina hata matusi hayamuone. Na bado wanamupiga, wanamulazimisha ndoa, wanataka amuzalie mutu mutoto.

Kama baba anapatikana, na kama ni baba wa kupenda ao hapana, hatutawaambia, tutawaharibia kitabu. Tunasema tu hivi: wale waliofukuzwa wanakutana pori, wanagawana muhogo na nyama, wanagonjwa pamoja, wanalindana. Jamaa iliyowazaa iliwakataa, na wao wakafanya jamaa ingine. Pori, ambayo kwa mugini ni pahali pa kuogopa, kwao inakuwa nyumba.

Bi Obono hakuishia kwa hadisi. Mwaka wa 2019 alitoa kitabu kingine, Yo no quería ser madre, maana yake “sikutaka kuwa mama”. Ndani yake wanawake 30 wa inchi yake wanaotoka inje ya ile kawaida ya mwanamuke na mwanaume wanasimulia maisha yao wenyewe. Basi musifikiri kwamba Okomo alitoka tu katika kichwa cha muandishi.

Tulipomaliza kusimulia, kelele ikaanza. Papa mumoja, mustaafu aliyefanya kazi chini ya udongo miaka mingi, alituambia bila kuzunguka: “Mimi ile mambo siikubali. Dini yangu inakatala, na Constitution yetu inasema ndoa ni ya mwanaume na mwanamuke.” Kweli, kifungu cha 40 cha Constitution ya 2006 kinasema vile. Tulimujibu kwamba kitabu hakiombe ndoa. Kinauliza swali dogo zaidi: mutoto akikutwa vile, mulango wa nyumba unafungwa ao haufungwe?

Papa alinyamaza, akakuna kichwa, kisha akasema: “Kwa ile, yule kambo alikosa. Ku mine, mulima ikianguka juu ya mutu, hatuulizaka kwanza ni mutu wa namna gani. Tunachimba.”

Kijana mumoja, creuseur, yeye alikuwa na neno lingine. Alisema pale anachimbaka kuko watoto wengi waliofukuzwa nyumbani, huyu juu wanasema ni mulozi, ule juu bibi mupya wa papa hamutaki, mwengine juu ya kusemwa tu. “Shiye tunakulaka nao sahani moja,” akasema. “Hakuna mwenye anawauliza.”

Tuliwakumbusha pia sheria, maana huku watu wengi hawaijui. Code de la famille ya 1987 inasema kila mutoto wa Congo anapashwa kuwa na baba, na hakuna mutu iko na haki ya kukana mutoto wake, azaliwe ndani ya ndoa ao inje. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mutoto inasema mutu asiyefika miaka 18 ni mutoto, na inakataza kumushitaki mutoto uchawi. Okomo na miaka yake 16, hapa kwetu angekuwa mutoto mbele ya sheria. Ile desturi ya kusema “huyu hana baba, juu mahari haikulipwa” haiwezi kusimama kwa muamuzi. Inasimama tu katika midomo yetu.

Mama mumoja alikuwa amekaa pembeni, anachambua maharagi. Hakusema kitu saa yote. Wengine walipoondoka, akauliza: “Na yule kambo, ku mwisho anafanya nini? Anaenda kumutafuta mujukuu?”

Tulimwambia kwamba kambo Adà habadilike. Anabakia vile alikuwa, mpaka mwisho.

Akatingisha kichwa. Kisha akatuambia kwamba mutoto wake mwanaume alitoka nyumbani miaka miwili imepita. Majirani walikuwa wanasema. Papa yake alikasirika. Mutoto akabeba sakoshi asubui moja, akaenda upande wa Kasumbalesa. “Hakutuambia sababu, na shiye hatukuuliza. Tulikuwa tunaogopa atajibu.”

Tulikaa naye mpaka giza ikaingia. Hatukuwa na mafundisho ya kumupa, na hatutaki kujifanya walimu kwenu. Tunasema tu kile tulichokiona: mutoto asiye na jina nyumbani atalitafuta kwa wengine. Pengine atapata watu wema kama Marcelo, wenye kugawana muhogo. Pengine atapata watu wa kumutumia na kumutupa. Pori yetu, shiye, haiko na miti mingi. Ni njia ya malori, ni mipaka, ni mashimo ya usiku.

Mbele ya kuaga, mama akasema: “Nimero yake ningali nayo.” Akatuomba tumusimulie mwanzo wa kitabu mara ingine, pale Okomo anatoka nyumbani. Tukamusimulia.

Wasomaji, hata wale wasiokubaliana na kitabu hiki, mutuandikie. Ukurasa huu ni wenu.