Glock, SIG au Beretta? Bei ya dukani haikwambii kila kitu

Waulize wapenzi wa silaha bastola ipi ni ya kuaminika zaidi kati ya Glock, SIG Sauer na Beretta, na ubishi hautaisha leo. Kila mtu ana yake.

Jeshi la Marekani limelazimika kujibu swali hilo mara mbili ndani ya miaka 35, kwa pesa nyingi. Majibu yake yanaonyesha kitu ambacho wanunuzi wengi hukisahau: bei ya bastola moja siyo gharama yake halisi, na kufaulu majaribio siyo mwisho wa habari.

Tunazungumzia bastola gani?

Zote tatu hutengeneza bastola zinazojipakia zenyewe. Kila ukivuta triga inatoka risasi moja. Nguvu ya mlipuko inasukuma nyuma kipande cha juu kiitwacho slaidi, ganda linarushwa nje, kisha risasi nyingine inaingia kutoka kwenye magazini.

Hapo ndipo kwenye mtihani. Ganda likikwama au risasi isipoingia sawasawa, bastola inakuwa chuma tu mkononi.

1985: Beretta yashinda kwa hesabu ya jumla

Jeshi hilo lilikuwa linatumia Colt M1911 tangu mwaka 1911. Lilipotafuta mbadala, kampuni kadhaa zilijitokeza, lakini mbili tu ndizo zilizofaulu majaribio yote: Beretta 92F ya Italia na SIG P226.

Ukiangalia bastola moja moja, SIG ilikuwa na bei ya chini kidogo. Lakini jeshi halinunui bastola tupu. Lilipojumlisha magazini na vipuri, Beretta ikawa nafuu, ikapewa kazi kwa jina la M9.

Miaka michache baadaye, slaidi za baadhi ya bastola za Beretta zilikatika wakati wa kufyatua, na vipande vikawajeruhi usoni makomando wa kikosi cha SEAL. Mabishano yalikuwa makali: tatizo ni chuma, au ni risasi zenye nguvu kupita kiasi?

Beretta ilibadilisha muundo ili slaidi ikikatika isiweze kumrukia mpigaji. Majaribio yakarudiwa mwaka 1988, na Beretta ikashinda tena.

2017: SIG yageuza meza

Januari 2017 jeshi lilitangaza mrithi wa M9: SIG Sauer P320, iliyopewa majina M17 na M18. Mkataba ungeweza kufika dola milioni 580 kwa miaka 10.

Glock ilipinga. Ilisema jeshi lilichagua mshindi kabla ya kukamilisha majaribio. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, GAO, ilitupilia mbali malalamiko hayo Juni 2017.

Nyaraka za GAO zilitoa picha ya bei. Kwa hesabu za jeshi, ofa ya SIG ilikuwa takriban dola milioni 169, na ya Glock takriban milioni 272. Yaani tofauti ya zaidi ya dola milioni 100. Safari hii SIG ndiyo iliyokuwa nafuu kwa jumla.

Lakini wengine waliona tofauti. Mwaka 2016, FBI ilichagua Glock. Uingereza nayo ilikuwa imechukua Glock 17 mwaka 2013, zaidi ya bastola 25,000 kwa pauni milioni 9. Glock inasifika kwa sehemu chache na fremu ya plastiki ngumu isiyoshika kutu.

Kisha likaja swali la usalama

Agosti 2017 ilibainika kwamba P320 za kiraia zingeweza kufyatuka zikianguka kwa pembe fulani. Jeshi lilikuwa limeliona tatizo hilo kwenye majaribio yake na SIG ikabadilisha sehemu za triga kwenye bastola za jeshi. Za dukani bado zilikuwa na sehemu za zamani, hadi kampuni ilipotangaza marekebisho ya bure.

Kesi ziliendelea kuja, wenye bastola wakidai zilifyatuka bila triga kuvutwa. Novemba 2024, baraza la mahakama mjini Philadelphia liliamua mlalamikaji mmoja alipwe dola milioni 11. SIG inakanusha, ikisema P320 haifyatuki bila triga kuvutwa.

Julai 2025, kamandi moja ya Jeshi la Anga ilisimamisha M18 baada ya mwanajeshi kufa katika kambi ya Wyoming. Baadaye mwanajeshi mwingine alikamatwa kuhusiana na kifo hicho, na Agosti bastola zikarudi kazini baada ya kukaguliwa.

Kwa hiyo ipi ina thamani?

Inategemea unapima nini. Ukipima kukwama tu, zote tatu zimefaulu mitihani mikubwa. Ukipima pesa, hesabu magazini, vipuri na matengenezo ya miaka yote, siyo lebo ya dukani. Na ukipima usalama, uliza pia bastola inafanya nini ikianguka, na kampuni inachukua hatua gani kosa likigundulika.

Beretta ilishinda, ikapata kasoro, ikarekebisha, ikadumu zaidi ya miaka 30. Kwa P320, mabishano bado yako mahakamani.